Nta Safi ya London

Zamani, London iliogopa nta iliyoghushiwa. Chama cha mafundi wa mishumaa ya nta, kilichopewa hati na Mfalme Richard wa Tatu mwaka 1484, kilikuwa na mamlaka ya kukagua bidhaa, kwa kuwa nta ilikuwa ghali na kuichanganya na shahamu kulilipa. Kisha Mageuzi ya dini ya karne ya 16 yakapunguza mishumaa makanisani, na gesi ikaja kuangaza mitaa. Siku hizi mfugaji nyuki wa London husafisha nta mwenyewe, jikoni kwake, wala hakuna wa kumkagua.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Masega huyeyushwa ndani ya maji kwa moto mdogo, kwani nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na ikipata moto mkali huungua. Huchujwa kwa kitambaa, huachwa ipoe polepole, kisha uchafu ulioganda chini ya bonge hukwanguliwa. Sufuria ya chuma huitia weusi. Maji ya bomba ya London nayo yana chokaa nyingi, ambayo huungana na asidi za nta na kuifanya uji wa chengachenga. Afadhali ya mvua.

Lakini bonge likishang'aa, limesafika? Nasema jicho halitoshi tena. Utitiri wa nyuki uitwao varroa uligunduliwa Uingereza mwaka 1992, na baadhi ya dawa za kuuangamiza, mfano fluvalinate, hupenda mafuta: hujikusanya ndani ya nta, na kuchemsha na kuchuja hakuzitoi. Yuko atakayesema mabaki hayo ni kidogo mno. Kwa mshumaa au dawa ya kung'arishia meza, nakubali. Ila nta ikirudishwa mzingani kama karatasi za kuanzishia masega, majana hulelewa juu yake, na kila mzunguko huongeza mabaki. Kwa hiyo nta ya vifuniko vya asali, ambayo ni mpya, iwekewe chombo chake, na masega makuukuu yaende kwenye mishumaa.

Kwa kipimo hiki, nta ya mizinga ya magogo ya Tabora, inayodharauliwa kwa harufu ya moshi na takataka zake, inastahili kutazamwa upya. Wafugaji wa kule kwa kawaida hawatii dawa mizingani, na takataka hubaki kwenye kitambaa.