Kupukutika kwa Majani

Msafiri apitaye Unyamwezi wakati wa kiangazi huiona miyombo ikipukutisha majani. Ndiyo misitu waliyoipita wapagazi wa zamani, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Mgeni hudhani miti imekufa. Mwenyeji ajua kuwa mti huacha jani ili uhifadhi maji, na kuwa majani mapya huchipua hata kabla ya mvua.

Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie walitaka jina la kifo cha chembe za mwili kitokeacho kwa utaratibu. Walichagua neno la Kiyunani lenye maana ya kupukutika kwa majani: apoptosisi. Chembe ifayo hivi haipasuki wala haiwadhuru jirani zake. Hunywea, ikagawanyika, ikamezwa na nyingine. Kwa kifo hiki mtoto hupata umbo. Tumboni vidole vyake huwa vimeungana kwa utando. Chembe za katikati hufa, vidole vikaachana. Ubongo nao huumba chembe nyingi kuliko haja yake, kisha zisizopata kazi huondoka. Kila azaliwaye amechongwa na mauti kabla ya kuonja uhai.

Lakini fundi akipewa amri mbaya hubomoa nyumba. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, baadhi ya chembe za ubongo hufa mara moja. Nyingine hupata nafuu, kisha baada ya saa chache huanza kujiangamiza kwa utaratibu ule ule. Mtoto aliyedhaniwa amepona hushikwa na degedege. Katika nchi za kitajiri hupozwa mwili kwa saa 72 ili maangamizi hayo yapunguzwe. Lakini jaribio lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, likatangazwa mwaka 2021, lilionyesha kuwa huko kupoza hakukupunguza vifo, bali viliongezeka. Dawa ya ugenini haiwi dawa kila mahali.

Basi kinga bora ni kuiwahi amri ile kabla haijatolewa, yaani katika dakika ya kwanza. Tabora ulikuwa mmoja wa mikoa 5 ya Tanzania ambamo wakunga wa hospitali na vituo 30 walizoezwa mara kwa mara kuusikiliza moyo wa mtoto tumboni, na kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago akizaliwa bila pumzi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na punde baadaye vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila vizazi 1,000. Kwa mwenye kuhesabu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mama aliyerudi nyumbani na mwanawe mgongoni ni dunia nzima.

Kifo chenye utaratibu hakizuiliki, wala hakifai kuzuiliwa chote, maana bila yake hakuna kiumbe kamili. Wajibu wa binadamu ni kulinda jani bichi lisianguke kabla ya majira yake. Na mlinzi wa kwanza ni mkunga aliye macho usiku.