Lushoto kwa Tiketi Moja

Kurasa hizi za safari tumezoea kuwaandikia nyinyi mlio wawili. Fungate mkaile wapi, wikiendi ya kupatana mkaifanyie wapi, hoteli ipi ina moto wa kuni chumbani. Mwezi huu tunapanda Lushoto, ambako hayo yote yapo. Ila mwenzangu wa safari ni mwanamke aliyepanda huko mara ya kwanza mwaka 2014, akiwa bibi harusi wa siku nne, na ambaye siku hizi anakata tiketi moja. Ni rafiki yangu, mhasibu, mama wa watoto wawili. Jina ameniomba niliache, nami nimeliacha.

Basi liliondoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe, halafu Mombo, joto la kukausha koo. Hapo Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Kutoka pale hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ni kilomita za kupanda: kona juu ya kona, mwamba upande huu, korongo upande ule. Kama una moyo mwepesi usikae dirishani.

“Kwenye kona hizi alikuwa ananishika mkono,” rafiki yangu aliniambia. “Mwoga nilikuwa mimi. Sasa nalala.” Na kweli akalala, mpaka Soni, ambako hewa ilikuwa imeshabadilika na kina mama wakapitisha mapeasi na karoti madirishani.

Mji wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na waliupenda kwa baridi yake. Wamisionari wao wa Bethel walikuwa wameshatangulia milimani, Mlalo, mwaka 1891, na ndiyo maana mpaka leo ukitembea Usambara Jumapili, makanisa ya Kilutheri na misikiti vinapokezana kwenye vilima.

Sasa turudi kwake. Mumewe alifariki 2021, ghafla, presha, akiwa na miaka 39. Unajua misiba yetu ilivyo: turubai, vyungu, watu wamejaa uani, na kila anayeingia anasema kazi ya Mungu haina makosa. “Nilikuwa naitikia amina,” alisema, “lakini moyoni nauliza, mbona hii ina makosa?” Kwa miezi tisa alikwenda kanisani kwa mazoea tu. Alikaa karibu na mlango, akatoka kabla ya matangazo.

Jamani, hapa tuambizane ukweli, kwa sababu gazeti hili linasomwa na watu wa ndoa. Waliomkimbia kwanza hawakuwa ndugu. Walikuwa ni marafiki wa wawili wawili, wale wa nyama choma ya Jumamosi. Hakuna aliyemfukuza. Simu zilipungua tu. Mwanamke asiye na mume mezani, wengine wanamwona mzigo, wengine wanamwona hatari, na wote wanajisemea “tumwache apumzike”. Akapumzishwa mwaka mzima.

Ndugu nao walikuja, shemeji mmoja akaondoka na gari. Kwa mila wengi bado wanadhani hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 lenyewe liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe wakiwepo watu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Msomaji, kama wewe na mwenzi wako hamjaandika wosia, andikeni kabla ya kupanga safari yoyote ninayoisimulia hapa.

Mwaka 2022 alipanda Lushoto peke yake. Kwa maneno yake, alikuja kuaga. Akakodi bodaboda kwenda Irente, kule kwenye ukingo wa mlima ambapo ardhi inakatika ghafla na unaona tambarare ya Mazinde chini kabisa, na mashamba ya mkonge yamepangwa kama daftari la mwanafunzi. Kila aliyekwenda Lushoto ana picha pale. Yeye na mumewe wanayo, iko sebuleni.

Njia hiyo hiyo ina taasisi za Kilutheri. Kuna shamba la Irente linalouza jibini, mkate na jamu, na kuna nyumba ya watoto. Aliingia kwa sababu mvua ilianza. Wengi wa wachanga wanaolelewa pale, aliambiwa, mama zao wamefariki, mara nyingi kwa uzazi. Baba au bibi anamleta mtoto, analelewa miaka ile ya mwanzo iliyo migumu, halafu anarudi kwao. Msichana mmoja wa malezi alikuwa amejaza mikono yote miwili, akampa wa tatu.

“Nilikuja kulia,” rafiki yangu anacheka akisimulia, “nikapewa chupa ya maziwa.”

Kwenye benchi alikuwepo mwanamume mmoja, mkulima, kofia mkononi, amekuja kumwona mwanawe. Anakuja kila akipata nauli, ili mtoto asije akaisahau harufu yake. Wakazungumza. “Yule baba hakuniambia Mungu hakosei,” alisema. “Aliniuliza tu, wako ana muda gani. Nikamwambia mwaka. Akasema, wangu miezi minne. Basi. Tukanyamaza pamoja, na ndiyo sala ya kwanza niliyosali tangu msiba.”

Alikaa siku tatu zaidi ya alizopanga. Kilichomvuta ni utaratibu wa wale masista. Asubuhi sala, fupi, kisha nepi. Hawangoji kwanza wajisikie. Akarudi Dar na utaratibu huo: saa kumi na moja alfajiri zaburi moja, hata kama ni ya malalamiko, na zaburi za malalamiko zipo nyingi kuliko tunavyoimba. Kisha kazi. Akaanza kumsoma Ana wa Injili ya Luka, yule mjane aliyeishi na mumewe miaka saba tu na akazeekea hekaluni. Aliniambia alimpenda kwa sababu Biblia haimpi mume mwingine ili hadithi iishe vizuri.

Kazi ikaja yenyewe. Mama mmoja wa jumuiya yake alifiwa, akaona wanavyomzungusha kwenye makaratasi. Mhasibu haogopi makaratasi. Akamsindikiza kufuata cheti cha kifo, akamkalisha na wakwe mpaka muhtasari wa kikao cha ukoo ukaandikwa, akaingia naye Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Mpaka tunapanda Lushoto, ameshawasindikiza wanawake sita. Gari lake yeye halijarudi. Amelifungulia kesi.

Msidhani imani imemfuta machozi. Mapokezi ya hoteli walimuuliza kama mzee anafuata nyuma, akajibu hapana kwa sauti ya kawaida, halafu akakaa chumbani saa nzima. Irente alisimama mbali na ukingo, kimya, upepo unavuta kanga. Vijana wawili, pete mpya kabisa, wakamwomba awapige picha. Akawapiga nne, akawaamuru wasogee huku, kule kuna jiwe linateleza. Kisha tukala mkate na jibini, na mimi ndiye niliyemaliza jamu.

Mkipanda, bebeni sweta la maana, hasa Juni na Julai. Pandeni Mombo mchana, si usiku. Na kama mtapita kwenye nyumba ya watoto, ulizeni kwanza wanahitaji nini, na simu ya picha ibaki mfukoni. Rafiki yangu ameshakata tiketi ya Oktoba. Safari hii ni tatu, anakwenda na watoto.