Barua za Wafungwa

Nilipopata shahada ya sheria nilidhani kwamba kutetea haki za binadamu ni kazi ya ulimi. Nilijiona ndotoni nimevaa joho mbele ya majaji wa mataifa, maneno yakinitoka kama maji ya mto. Kwa ndoto hiyo nilikwenda Arusha, yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tangu mwaka 2007. Wakili mmoja mzee alinipokea, akanipa meza, kiti kibovu na bunda la barua.

Zilikuwa barua za wafungwa, nyingi zimeandikwa kwa mkono katika karatasi za daftari. Nilitakiwa kuzipanga kwa tarehe: siku ya kukamatwa, ya hukumu, ya rufani, maana Mahakama ile kwa kawaida haipokei shauri la mtu kabla hajamaliza njia za sheria za nchi yake. Nilinung'unika kuwa hiyo ni kazi ya karani. Mzee akanijibu, "Karani akikosea tarehe, wewe wakili utanena nini?"

Humo nilisoma habari za watu waliohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao hawakupata kuwa na wakili hata siku moja. Mnamo Novemba 2015 Mahakama iliamua, katika shauri la mfungwa wa namna hiyo, kwamba Tanzania ilivunja haki yake kwa kutompa msaada wa wakili. Hukumu hiyo ilinitia moyo sana.

Mnamo Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika Mahakama hiyo. Mlango ungefungwa tarehe 22 Novemba 2020.

Katika mwaka huo alikuja mama mmoja kwa ajili ya mwanawe. Nilimweleza vifungu, akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, atarudi lini?" Nilimwahidi kuandika barua kuomba nakala ya hukumu ya rufani, kwani bila hiyo hatukuwa na la kuonyesha. Siku zikapita, sikuandika. Nilikuwa nikitunga maombi ya ufadhili wa masomo Ulaya, na humo, Mungu anisamehe, nilisimulia shida ya mama huyo kwa ufasaha mwingi.

Nakala ilifika Januari 2021.

Ufadhili niliupata. Sasa joho ninalo, na mbele ya majaji nimesimama zaidi ya mara moja. Mama yule bado hunipelekea salamu kila Idi, na kila salamu ina swali lile lile.