Mguu ambao haukuuma: wiki moja na mwanangu Iten

Matatu kutoka Eldoret ilitushusha Iten saa kumi na moja jioni, mimi na kijana wangu wa kidato cha pili. Ni kilomita 35 hivi tu, lakini mji huu wa Elgeyo Marakwet uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kubeba begi kutoka kituoni hadi kwa dada yangu kulinifanya nihemeheme kama mzee. Kijana alikuja nyuma yangu akichechemea.

Kuchechemea huko ndiko kulikotuleta. Muhula wa kwanza, katika mbio za mita 1,500 za kaunti, alikuwa wa pili hadi mzunguko wa mwisho. Watatu walipompita, aliinua macho akatafuta kitu kwenye umati, kisha akaushika mguu na kuketi kando ya uwanja. Daktari hakuona jeraha. Mwalimu wa michezo hakusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na nilijua ninachokijua.

Mzazi mwenzangu, utamwambiaje mtoto wa miaka 15 kwamba unajua anadanganya? Wiki tatu nilimeza maneno. Dada yangu ndiye aliyeniambia kwa simu: "Mlete huku likizo ya Aprili, kaka. Akae tu, aone."

Basi tukaamka saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza bado, tukasimama kando ya barabara ya udongo mwekundu. Saa kumi na mbili hivi vikundi vikaanza kukusanyika, watu 10 hapa, 30 pale, wanasalimiana kwa sauti za chini. Hakuna aliyepiga filimbi. Waliondoka tu, na anayechelewa hasubiriwi. Kilichonishangaza ni mwendo wao: kilomita ya kwanza walikwenda polepole mno, hata mama mwenye mtungi wa maziwa angewafuata. Kasi ilikuja baadaye, walipokwisha kupotea kwenye ukungu.

Wageni hupiga picha chini ya tao la mji, lile linalosema hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Lakini wengi wanaokimbia asubuhi hapa si mabingwa. Wanakodi chumba kimoja, wanapika ugali na sukuma wiki, wanalala mchana, jioni wanakimbia tena. Jirani ya dada yangu yuko hapa mwaka wa sita na hajashinda mbio yoyote ya maana. Nilimuuliza kama hachoki. Akacheka, akasema ana mazoezi kesho.

Jumatano tulitembea hadi lango la St Patrick's. Nilimweleza kijana habari za Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika hapo mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa na ujuzi wa riadha; alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake. Mmoja wao, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki za Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21. Baadaye akamlea David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91, akiwa mbele tangu mwanzo. Nilidhani nimemtia moyo. Kijana aliangalia lango kwa muda, akauliza: "Na wale waliokuwa wakikimbia na Rono shuleni, wengine, walifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Sisi wazazi huwataja wanaoshinda tu. Na nisidanganye kwamba riadha peke yake hunyoosha tabia: wanariadha wengi wa nchi hii wamepigwa marufuku miaka ya karibuni kwa dawa za kusisimua misuli, nao pia waliwahi kuwa watoto wa shule waliosifiwa kwa bidii.

Alhamisi ni siku ya mbio za kubadilisha kasi, dakika mbili mbio, dakika moja polepole, na zaidi ya watu mia hujitokeza. Jirani akamwambia, "Njoo, kijana, kaa mwisho." Nikapanda bodaboda kwenda kuwasubiri mbele.

Walipita wanaume kama mvua ya mawe. Wakapita wanawake. Barabara ikawa kimya, nikaanza kuwa na wasiwasi. Ndipo akatokea, peke yake, amejaa matope hadi magotini, anakimbia vibaya lakini kwa miguu yote miwili. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Watu walikuwa wanabadilisha fulana na kunywa maji. Dada mmoja akampa chupa yake, akauliza, "Kesho utakuja? Kesho ni polepole."

Usiku, shangazi yake alipokwenda kulala, alisema bila kuniangalia, "Baba, mguu haukuuma."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Nilikuona ukitafuta kitu kwenye umati."

"Nilikuwa nakutafuta wewe."

Hapo nikakumbuka simu niliyomwahidi akifika mashindano ya taifa, na jinsi nilivyowatangazia majirani wote kabla hajakimbia. Nilimwambia kwamba ahadi ile ilikuwa kosa langu. Hakujibu. Alimimina chai iliyobaki, akanipa kikombe kwanza.

Siku ya kufungua shule aliniachia begi langoni akaelekea chumba cha walimu, kwa mwalimu wa michezo. Aliniomba nisimfuate.