Ufa Uzibwe kwa Nini?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, tena mapema, na bado nusura nimpoteze nyanya yangu.

Nyanya anaishi Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ya mawe hayo hayo. Likizo moja niliona ufa karibu na kitanda chake. Chini yake rangi ilikuwa imefura, na ukipapasa ukuta unabaki na unga mweupe wa chumvi kiganjani. Nikajiona fundi! Nilinunua saruji, nikakoroga, nikapiga plasta hadi ukuta ukang'aa.

"Mjukuu wangu, ukuta huu wapumua," nyanya alisema.

Nilicheka. Ukuta una pua?

Likizo iliyofuata nilijibiwa. Alfajiri moja tulisikia kishindo. Lo! Bamba zima la saruji lilikuwa limeanguka juu ya mto wa nyanya. Bahati nzuri alikuwa ametoka kutia udhu. Nilitetemeka mwili mzima.

Mwashi mmoja mzee wa mtaani alinifunza bila kunigombeza. Matumbawe hunyonya unyevu wenye chumvi kutoka ardhini. Chokaa huuachilia unyevu huo utoke na kukauka. Saruji huufungia ndani, chumvi ikaganda nyuma yake na kuisukuma hadi ibanduke.

Basi tuliibambua saruji yote, tukatengeneza mfereji wa paa uliokuwa ukivuja, tukauacha ukuta ukauke hadi likizo nyingine. Ncha za ufa tulizitia alama kwa penseli, pamoja na tarehe. Niliporudi, ufa ulikuwa pale pale. Kama ungekuwa umeendelea, mzee alisema, tungechunguza msingi kwanza. Ndipo tukauziba kwa chokaa iliyolowekwa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu.

Wanafunzi wenzangu, mkirudi nyumbani zikagueni kuta: nyufa, rangi iliyofura, unga wa chumvi, mifereji inayovuja. Lakini kabla ya kushika mwiko, ulizeni ukuta umejengwa kwa nini, na msikilizeni aliyeishi nao. Wahenga walisema tuzibe ufa. Hawakusema tuuzibe kwa chochote.

Mwanachama, Kidato cha Tatu