Nani Atashika Zamu?

Jumanne, 11 Februari 2025

Kliniki ya kifafa imeisha saa kumi jioni, chai yenyewe sijanywa. Wenzangu wa Ulaya wakisikia kwamba daktari wa akili ndiye anayetibu kifafa hushangaa. Daktari wa mishipa ya fahamu mkoani hapa hakuna, na fenobabitoni inatolewa dirishani kwetu, basi wagonjwa ni wetu.

Binti wa leo hajaanguka tangu mwaka jana. Faili lake lina miandiko ya kila aina na maneno yaleyale: hali nzuri, aendelee na dawa. Alikaa anatazama kona ya meza. Mama yake ndiye aliyesema: "Kifafa kimeondoka, dokta, ila kimeondoka naye."

Nilipomhoji binti taratibu alijibu kwa kichwa. Sonona, tena si ya jana. Wangapi wamekaa pale nje kwenye foleni, degedege limetulia na sisi tumeridhika? Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Usiku limeletwa tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mabingwa vijana. Mafunzo ya utafiti ya mwaka mmoja kwa madaktari wa akili waliomaliza ubingwa karibuni. Wanataka andiko la kurasa mbili, barua ya mwajiri na barua ya mlezi. Andiko ninalo kichwani tangu mchana.

Jumapili, 16 Februari

Kutafuta mlezi ni kazi kuliko kuandika andiko. Shirika la Afya Duniani, katika atlasi yake ya afya ya akili ya 2020, liliweka kiwango cha kati cha dunia kuwa wahudumu 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000. Kanda ya Afrika ni 1.6, na hapo wamejumlishwa wote, wauguzi na wanasaikolojia wakiwemo. Sasa humo humo chambua wale walio na uzoefu wa utafiti, wenye uwezo wa kukurudishia kurasa zako zikiwa zimejaa wino. Ni watu ambao namba zao za simu kila mtu anazo. Wana wodi, wana mitihani ya kutunga, wana kamati za wizara, na wanafunzi wamepanga foleni mlangoni.

Mmoja amenijibu kwa uungwana: "Jina langu weka, saini nitatia, lakini usinitegemee." Ningeweza kuichukua barua hiyo na fomu ikakamilika. Nadhani fomu nyingi hukamilika hivyo, na ripoti zikienda kwa wafadhili zinasema vijana kadhaa wamepata walezi.

Jumamosi, 8 Machi

Mlezi nimempata: Prof. mmoja aliyestaafu, yuko Tanga. Kanipigia baada ya futari.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba mwanangu. Nimelisoma andiko lote. Chukua kalamu."

Bando lake likaisha, nikampigia mimi. Nilikuwa nimepanga kutumia dodoso la PHQ-9: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Lipo la Kiswahili na kila mtu analijua. Akaniambia nimsomee swali la tatu. Usingizi. La nne? Uchovu. La saba? Kushindwa kutuliza mawazo kwenye jambo moja. La nane? Kusema au kutembea polepole mpaka watu wanaona.

"Haya. Fenobabitoni inamfanya nini mtu?"

Wasiwasi huo nilikuwa nao, nisichokuwa nacho ni njia ya kuutatua. Mgonjwa anaweza kukusanya alama kwa dawa tuliyompa wenyewe, nasi tukaandika kwamba ana sonona. Prof. akanitajia dodoso jingine, NDDI-E, la mwaka 2006, lenye maswali 6 tu, lililotungwa mahususi kwa wenye kifafa ili madhara ya dawa yasichanganywe na huzuni. Tumekubaliana kutumia yote mawili, kisha baadhi ya washiriki wahojiwe na daktari asiyejua alama zao. Kwa saa moja andiko limepata mifupa.

Lakini muda mrefu zaidi tuliutumia kwenye swali la tisa, lile la kuwaza kwamba ni afadhali kufa au kujidhuru. Kiolezo nilichokipata mtandaoni kinaelekeza kwamba mshiriki akijibu ndiyo, aelekezwe kwenye huduma iliyo karibu. Huduma iliyo karibu ni mimi. "Na akijibu ndiyo Ijumaa saa kumi na moja jioni," Prof. akauliza, "simu anapokea nani? Na ile karatasi yenye jina lake inalala wapi?" Si swali la kinadharia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mshiriki akituambia kwamba mwezi uliopita alimeza sumu, ametuamini kwa jambo linaloweza kumpeleka polisi. Kwa hiyo namba badala ya majina, orodha ya majina kwenye kabati lenye kufuli mbali na madodoso, na simu ya zamu iandikwe kwenye fomu ya ridhaa.

Nimesoma kozi za mtandaoni za maadili ya utafiti na vyeti ninavyo. Hakuna iliyoniuliza kuhusu Ijumaa jioni.

Alhamisi, 27 Machi

Mganga Mfawidhi kaisoma barua ya mwajiri akiwa amesimama. "Nitasaini. Nani atashika zamu?"

Ana haki. Mafunzo yanalipa nauli, hoteli na posho. Hayamlipi mtu wa kukaa kliniki siku nisipokuwepo. Nikaomba Jumatano iwe siku yangu ya utafiti. Kasema tutaona. Mtumishi wa serikali anajua kwamba tutaona ni hapana iliyovaa suti.

Jumapili, 4 Mei

Nimechaguliwa. Furaha haikumaliza hata siku mbili. Alhamisi, NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, imetangaza kwamba haitatoa ruzuku yenye fungu linalopitishwa kwenda kwa taasisi iliyo nje ya nchi hiyo, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Kituo cha Fogarty kilicho chini yake kipo tangu 1968, na watafiti wengi wa afya wa ukanda wetu wamepitia mafunzo kilichoyagharimia. Waandaaji wetu wanasema fedha zetu zinatoka kwingine. Mwenzangu wa Kampala hana bahati hiyo, kaambiwa asubiri.

Hasira yangu nyingine haiendi Washington. Nchi ikiacha mafunzo ya watafiti wake yategemee bajeti ya Bunge la watu wengine, siku hii ilikuwa lazima ifike.

Jumatano, 18 Juni, Dar es Salaam

Basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR. Hoteli ina kiyoyozi kikali mpaka watu wameingia ukumbini na makoti. Siku ya kwanza ilikwenda kwa slaidi za takwimu, mkufunzi akikimbia kama anadaiwa. Nimenakili kidogo.

Faida imekuwa mezani wakati wa chakula. Yuko dada wa Eldoret aliyefanya kazi kwenye NeuroGAP, utafiti mkubwa wa jenetiki ya magonjwa ya akili uliokusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Ulikuja na mafunzo yake kwa watafiti vijana, GINGER, ya miaka miwili. Anasema kilichomjenga ni yale makutano ya kila mara na watu walewale, mpaka aibu ya kuuliza ikamtoka. Wa Blantyre akasimulia AMARI, mpango ulioanza 2015 chini ya Dixon Chibanda wa Zimbabwe pamoja na Malawi, Ethiopia na Afrika Kusini. Tanzania haikuwemo katika awamu ile ya kwanza, na kwa hilo nina wivu kabisa.

Chibanda huyohuyo mwaka 2006 alianza na bibi 14 huko Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa katika JAMA mwaka 2016: kliniki 24, washiriki 573, na baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokalia benchi, 49.9 kwa wenzao. Kati ya benchi la kwanza na makala ile ni miaka 10. Sisi tumepewa mwaka mmoja na tumeambiwa tutoke na andiko la jarida.

Dada wa Eldoret katukumbusha pia kwamba Januari 9 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu chao cha kuadhibu anayejaribu kujiua kinakiuka katiba. Kwake lile kabati la kufuli sasa ni la siri ya mgonjwa tu. Kwangu ni la siri na la polisi.

Baada ya chakula yakaja ya majina ya waandishi. Kijana mmoja alikusanya data za kituo kizima, alipofungua makala akajikuta kwenye aya ya shukrani, pamoja na dereva. Sharti linalokubalika na majarida ya tiba ni kwamba mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuandika, ameidhinisha nakala ya mwisho na anawajibika nayo. Lakini kijana hakupewa rasimu, angeiidhinisha vipi? Tumeshauriana kila mmoja apate makubaliano ya majina kwa maandishi kabla dodoso la kwanza halijajazwa, hata kama mkubwa atanuna.

Jumatatu, 25 Agosti

Kibali cha maadili kimetoka. Daktari wa wodi ya jumla kakubali kunishikia Jumatano, nami namshikia Jumapili mbili kila mwezi. Mganga Mfawidhi kaweka saini bila neno. Maana yake utafiti huu unafadhiliwa na Jumapili zangu.

Waandaaji wametuma fomu ya tathmini. Ukumbi nimeupa alama zake, chakula pia. Mwishoni wanauliza mwakani waboreshe nini. Nimewaandikia hivi: Warsha moja ifanyieni mtandaoni. Fedha ya hoteli mlipeni daktari wa kushika zamu siku moja kwa wiki, aandikwe kwenye mkataba na mwajiri asaini. Mlezi mlipeni kwa saa anazokaa na kijana wake, si kwa barua. Wangu hajalipwa hata bando. Na muda uwe miaka mitatu. Kama fedha haitoshi, chukueni vijana wachache. Mkishindwa yote hayo, lipeni zamu.