Sharti Nililolifuta

Mhasibu wa sacco alinipigia saa moja asubuhi. "Kijana wangu, mbona ripoti yako imemeza watu?"

Nilikuwa nimepata kibarua cha kuhamisha mfumo wao kutoka C# hadi Java. Faili zilikuwa nyingi, nami kuandika upya naona uvivu, basi nikaunda transpaila ndogo: inasoma msimbo wa lugha moja, inatema wa nyingine. Wiki mbili mambo yakawa poa. Kisha nikafika kwenye jeneriki, vile vipande vinavyosema "nipe aina yoyote, tuiite T," halafu vinaiwekea T masharti.

Masharti mengine huhama bila kelele. `where T : IComparable<T>` ya C# inakuwa `<T extends Comparable<T>>` ya Java, basi. Lakini kulikuwa na `where T : struct`, yaani T iwe thamani kama int au decimal, kitu kisichoweza kuwa null. Java haina pa kuliandika sharti hilo. Jeneriki zake hazipokei int. Zinataka Integer, na Integer inaweza kuwa null. Nikalifuta. Kompaila haikunung'unika, nikaenda kulala.

Msimbo wa awali ulianza kujumlisha akiba kwa `default(T)`, ambayo kwa decimal ni 0. Java haiwezi kujua hilo: kompaila yake ikimaliza kazi hufuta aina za jeneriki, na programu ikianza, T haina jina. Transpaila yangu ikaweka null. Mwanachama aliyeweka chochote, pesa yake ya kwanza ilikaa mahali pa ile null. Asiyeweka kitu alibaki nayo, na mstari mmoja nilioandika usiku (aibu hii ni yangu pekee) uliruka kila null kimyakimya.

"Hao wa sifuri ndio huwa natafuta kwanza," mhasibu aliniambia. "Mtu akiacha kuweka, kuna jambo nyumbani. Nampigia."

Siku hiyo nilibadilisha kila kipande: anayekiita sasa analeta thamani ya kuanzia mwenyewe, 0 yake mkononi, na mlangoni kuna `Objects.requireNonNull` ya kuzuia null isipite. Si sharti lenyewe. Kompaila ya C# ingenikatalia mapema. Hii inangoja hadi programu ifanye kazi ndipo ilalamike.

Majina 11 yakarudi kwenye ripoti. Niliyasoma yote kabla ya kumtumia.